Ziwa, milima na mipaka: historia ya jimbo letu la Kivu ya Kaskazini

(Mazungumzo ya redio, yameandikwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, wakuu wa vijiji na jamaa zilizohamishwa na vita)

  

Leo hatutasema ni nani aliyeanza vita. Tutasema juu ya nchi yenyewe: ziwa, milima, mito, na jinsi watu walivyofika kukaa pamoja juu ya vilima hivi. Labda mama mmoja atauliza: kwa nini kutufundisha mambo ya shule wakati sisi hatuna unga, na shitingi yetu imetoboka? Mama, swali lako ni la haki. Jibu letu ni hili. Mtu anayekuja usiku kumwomba kijana wako aende msituni kushika bunduki haanzi na bunduki. Anaanza na historia. Anamwambia: «Babu zetu walikuwa hapa kwanza.» Ama anamwambia: «Wale walitudanganya, wakatunyang'anya.» Kijana asiyejua historia atamjibu nini? Atakubali tu, kwa sababu aliyemwambia ni mtu mkubwa na amevaa viatu vizuri.

Tuanze na maji, kwa sababu maji hayana kabila.

Jimbo letu ni kama paa la nyumba. Mvua ikinyesha juu ya paa, tone moja linashuka upande huu, tone la pili upande ule. Mvua ya Rutshuru inaingia mto Rutshuru, mto unamwaga ndani ya Ziwa Edward, maji yanapita Semliki hadi Ziwa Albert, kisha yanashika Nili na kwenda hadi Misri, katika bahari ya Mediterania. Lakini sehemu kubwa ya mvua ya Masisi, na ile ya Walikale, inashuka magharibi kwa mto Lowa na kuingia katika mto Kongo, hadi bahari ya Atlantiki. Akina mama wawili wanaoishi mwendo wa siku mbili kwa miguu wanaweza kumwaga maji ya kunawa, na maji yao yasikutane tena duniani.

Na Ziwa Kivu? Maji yake yanatoka kusini, Bukavu, kwa mto Ruzizi. Yanashuka Ziwa Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, mwisho yanaingia mto Kongo. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wataalamu wanaochunguza mawe wanatufundisha kwamba zamani sana, maelfu ya miaka, maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Kisha volkano za Virunga zikainuka, zikaziba bonde, kama mtu anavyoziba mfereji kwa udongo. Maji yakajaa. Yakatafuta njia, yakaipata kusini. Ndiyo kusema ziwa letu lenyewe lilifungiwa njia ya kaskazini na moto, likahamia njia nyingine.

Ziwa hili liko juu sana, karibu metre 1,460 kupita bahari. Kina chake kinafika karibu metre 480. Chini yake kuna gesi nyingi, ile inayoweza kuwaka na ile inayokata pumzi. Hii ya pili ndiyo inayotoka pia ndani ya ardhi, kandokando ya Goma na barabara ya Sake, na wenyeji wameiita mazuku. Mnaijua. Inalala ndani ya mashimo na mabonde madogo, haina rangi, haionekani kwa macho. Mbuzi anaingia, anaanguka. Mtoto anayemfuata anaanguka naye. Tunasema hili kwa jamaa zilizofika karibuni kutoka milimani: kabla ya kusimamisha nyumba mahali pa chini, waulizeni wenyeji kama kuna mazuku. Hapo mwenyeji anaweza kuokoa mtoto wako kwa neno moja, na hatakudai kitu.

Volkano ya Nyiragongo ina urefu wa metre 3,470 na inasimama karibu kilomita 15 hadi 20 kaskazini ya mji. Tarehe 10 Januari 1977 ilipasuka, na ziwa la moto lililokuwa ndani ya shimo lake likamwagika katika muda wa chini ya saa moja, mbio kupita mtu anayekimbia. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwani. Watu zaidi ya 100 walikufa, na zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena upande wa Kibati na Buhene, ukakaribia mji. Mara hizo mbili za mwisho umati wa watu wa Goma ulivuka hadi Gisenyi, ama ulikimbia hadi Sake, na watu walipokelewa. Wazee wanaokumbuka watawaeleza: siku ya volkano hakuna aliyesimama barabarani kuuliza jina la baba yako. Kisha watu wakarudi, wakajenga juu ya mawe yaleyale yaliyokuwa bado ya moto. Goma ni mji wa watu wagumu.

Lakini moto ule unaoua ndio uliotupa udongo. Majivu ya volkano yakioza yanakuwa ardhi ambayo maharagwe, viazi na kabichi vinaota bila mbolea. Juu ya milima ya Masisi kuna baridi, mvua inakuja mara mbili kwa mwaka, majani ni mazuri kwa ngombe. Ukiteremka Walikale ni msitu mkubwa, joto, mito mingi, na watu ni wachache zaidi. Ukienda kaskazini kupita Ziwa Edward, utapata vilima vya Lubero na Butembo, kisha Beni na mlima Ruwenzori wenye barafu. Haya yote ni jimbo moja, karibu kilomita za mraba 60,000, lenye teritware sita: Beni, Lubero, Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Walikale. Mahali penye ardhi nzuri, watu wanafika. Imekuwa hivyo tangu zamani, na haitaacha.

Ni nani waliokuwa hapa wakati Wazungu hawajafika? Wambuti na Watwa, watu wa msitu, ambao kila mmoja anakubali kwamba walitangulia, lakini hatusikii mtu akiwarudishia ardhi. Banande, Bahunde, Banyanga, Bakumu, Bakobo, Batembo. Na upande wa Bwisha, katika Rutshuru, watu wanaosema Kinyarwanda, walime ama wachunge. Kila watu walikuwa na bami wao, ama wakuu wao wa vilima. Mipaka haikuwa mstari. Mahali mwami anapopokea zawadi ya mavuno, hapo ndipo ufalme wake unafika. Mwaka unaofuata kilima kile kinaweza kupeleka zawadi kwingine. Mgeni aliyefika na kuomba ardhi alipewa, akaleta mbuzi na pombe, akawa mtu wa mwami. Vita pia ilikuwako, tusidanganyane. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alipiga vita mara nyingi pande hizi za ziwa hadi alipokufa mwaka wa 1895.

Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameliona Ziwa Kivu ni Mjerumani von Götzen, mwaka wa 1894. Shikeni mwaka huo akilini, tutaurudia.

Baada yake, Wajerumani na watu wa mfalme Leopold wa Ubelgiji waligombania ziwa hili kwa miaka zaidi ya kumi. Kila upande ulikuwa na karta yake. Mwishoni, mwezi wa tano 1910, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza wakakutana Brussels, wakakata. Gisenyi ikabaki kwa Mjerumani. Goma na kisiwa cha Idjwi vikawa vya Mbelgiji. Bufumbira ikaenda kwa Mwingereza. Mwaka uliofuata wakapita wakisimamisha alama za mpaka. Kule kaskazini walifanya vilevile: Banande na Bakonjo, ambao ni ndugu na lugha yao ni karibu moja, mmoja akajikuta Kongo na mwingine Uganda. Hakuna mwami aliyeitwa Brussels. Tunawaomba mashefu mkumbuke jambo hili siku mtakaposikia mtu akisema kwamba kabila fulani peke yake ndilo lenye ndugu ng'ambo ya mpaka.

Tarehe 21 Aprili 1925 Wabelgiji wakafungua Parke Albert, ile tunayoiita leo Virunga, parke ya kwanza ya Afrika ya namna hiyo. Ni mali kubwa kwa dunia, na sokwe wa mlima wangekwisha kama parke isingekuwako. Lakini watu waliokuwa wakilima na kuvua ndani yake waliambiwa watoke, na wajukuu wao bado wanaonyesha kwa kidole mahali babu alipolima.

Sasa tufike mahali penye kidonda.

Wabelgiji waliona ardhi ya Masisi na Rutshuru kuwa nzuri kwa kahawa, chai na pareto. Mwaka wa 1928 wakaunda kamati iliyoitwa CNKi, yaani Kamati ya Taifa ya Kivu, ya kuwagawia Wazungu mashamba. Sheria yao ilisema: ardhi isiyo na mtu ni ya Serikali. Lakini «isiyo na mtu» maana yake ni nini? Shamba lililopumzishwa miaka mitatu lilionekana halina mtu. Malisho hayana mtu. Kilima cha kuchimba dawa hakina mtu. Ndivyo mkulima alivyokwenda kulala na ardhi, akaamka bila ardhi.

Kisha wakahitaji mikono ya kulima mashamba hayo. Rwanda, ambayo walikuwa wameikabidhiwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, ilikuwa na watu wengi, na njaa kali ilikuwa imepita mwaka wa 1928 na 1929. Basi kuanzia 1937 hadi 1955 utawala ulikuwa na kazi rasmi ya kuleta jamaa za Rwanda hapa Kivu, makumi ya maelfu ya watu, baba, mama na watoto. Wengi waliwekwa Masisi, mahali panapoitwa Gishari, wakapewa sheferi yao wenyewe juu ya ardhi ya Bahunde. Mwaka wa 1957 utawala uleule ukaifuta sheferi hiyo.

Tazama hesabu hii, ndugu. Muhunde aliona kilima chake kimepewa watu wa shefu mwingine. Aliyeletwa aliambiwa: hapa ni kwako sasa, lima, zaa watoto. Miaka ishirini baadaye akaambiwa kwamba shefu wake si shefu tena. Wote wawili walidanganywa na mtu mmoja. Mtu yule alirudi kwao mwaka wa 1960, na wale wawili wakabaki wakitazamana.

Juu yao wakafika wengine, wakimbizi waliotoka Rwanda kuanzia 1959. Na kumbukeni wale wa Bwisha ambao hawakuletwa na mtu, mpaka ndio uliowakuta. Hizi ni safari tatu tofauti. Lakini mdomoni mwa wanasiasa zimekuwa neno moja, na neno hilo linatamkwa kwa kutema mate.

Serikali zetu zilijaribu kusema nani ni mwananchi, na kila mara zilichagua mwaka mwingine wa kuhesabia. Katiba ya 1964 ilichagua mwaka wa 1908. Amri ya 1972 ikasema waliofika kutoka Rwanda na Burundi kabla ya Januari 1960 ni Wazaire. Sheria ya 1981 ikaifuta amri hiyo, ikarudi nyuma hadi tarehe 1 Agosti 1885. Sasa ule mwaka wa 1894 tuliowaomba mshike: mwezi wa nane 1885 hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona Ziwa Kivu kwa macho yake, na hapakuwa na ofisi hata moja ya kumwandikia babu yako karatasi. Mtu gani, wa kabila lolote, angeweza kuleta ushahidi wa siku ile? Sheria ya Novemba 2004 ikarudi kwenye uhuru: ni Mkongomani wa asili yule ambaye watu wake na nchi yao vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru, 1960.

Si sisi peke yetu tuliochezewa hivi. Kule mwambao wa bahari ya Hindi, Kilwa na Zanzibar, kuna watu wanaohesabu babu zao kutoka Shiraz, nchi ya Uajemi. Ni hadithi ya zamani, na wanahistoria wengi leo wanaona kwamba jamii zile zilikuwa hasa za Kiafrika, zilizopokea wafanyabiashara na dini kutoka ng'ambo ya bahari. Kwa muda mrefu hadithi ile haikuua mtu. Lakini katika uchaguzi wa Zanzibar kati ya 1957 na 1963, maneno Mshirazi, Mwarabu na Mwafrika wa bara yaliingizwa katika vyama, na mwezi wa kwanza 1964 maelfu ya watu waliuawa. Kiswahili ninachowasemesha kilitoka kwao, kikapita Maniema na wafanyabiashara wa pembe, kikafika hapa na askari na watu wa kazi. Hata sambaza mnaokaanga jioni ni wageni: waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hatujasikia mtu akimuuliza sambaza kitambulisho.

Sasa, mwaka wa 1973. Watu wengi wanausahau, na kwa maoni yetu ndio uliotuumiza kupita 1885 na 1960. Mwezi wa saba, sheria mpya ikasema ardhi yote ni ya Serikali. Ardhi ya kijiji, ile mwami anayogawa, ikaachwa ingojee amri ya rais ya kuitengeneza. Miaka 40 baadaye amri hiyo ilikuwa bado haijatoka. Halafu tarehe 30 Novemba Mobutu akatangaza kwamba mashamba na biashara za wageni ziende kwa Wazaire. Mnakumbuka yalikokwenda mashamba ya Wazungu wa Masisi? Hayakurudi kwa mkulima Muhunde. Hayakwenda kwa mkulima Muhutu. Yalichukuliwa na wakubwa wenye rafiki Kinshasa, wa makabila mbalimbali, wakayafanya malisho ya ngombe. Mkulima maskini akabaki na jirani maskini kando ya uzio. Kwa kuwa hakuweza kupigana na mwenye uzio, akapigana na jirani.

Jimbo letu lilipata jina lake la sasa mwaka wa 1988, Kivu kubwa ilipogawanywa kuwa Kaskazini, Kusini na Maniema. Miaka mitano tu baadaye, tarehe 20 Machi 1993, mauaji yakaanza katika soko la Ntoto, Walikale, yakapanda Masisi. Maelfu walikufa, na karibu watu 250,000 waliacha nyumba zao. Yaliyofuata mmeyaona wenyewe: mwezi wa saba 1994 watu karibu milioni moja waliingia Goma kutoka Rwanda, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Vita ya 1996. Vita ya 1998. Goma ilichukuliwa Novemba 2012, na tena mwishoni mwa Januari 2025, ambapo waliokuwa katika kambi za kando ya mji walilazimika kufunga mizigo mara nyingine. Katikati ya hayo kulikuwa na Barza ya wazee wa makabila, iliyozaliwa Goma mwishoni mwa miaka ya 1990, na mkutano mkubwa wa Januari 2008. Karatasi zilitiwa sahihi. Kazi ya Barza haikuwa ya bure: wazee walikuwa wakienda kilimani kwenyewe, siku ileile, kabla ugomvi wa ngombe mmoja haujawa vita ya kijiji.

Mashefu, tunawasemesha ninyi sasa. Watu wanaporudi vijijini wanamkuta mtu shambani. Msikimbilie kuuliza kabila lake. Ulizeni aliingiaje. Mmoja alikimbia vita naye, akapanda mahali palipokuwa wazi. Mwingine alinunua kwa pesa kutoka kwa mtu ambaye hakuwa na haki ya kuuza, na wakati mwingine muuzaji ni shefu mwenyewe. Tunasema hili kwa heshima, lakini tunalisema. Wa tatu aliwekwa na wenye silaha. Hao watatu hawawezi kuhukumiwa kwa neno moja. Andikeni katika daftari: jina la kilima, majina ya majirani wa pande zote nne, mti ama jiwe la mpaka, mwaka mtu alipoondoka, na aliyepanda baadaye alipanda nini. Waiteni pia akina mama mbele ya barza, kwa sababu mara nyingi mama aliyelima ndiye anayejua mpaka kupita baba aliyekuwa mjini. Na mjane asiambiwe kwamba shamba lilikufa na mume wake.

Juma lijalo, saa ileile, tutasoma sheria ya ardhi ya 1973 kipande kwa kipande, na mtaalamu wa sheria atajibu maswali ya vikundi. Andikeni maswali yenu, myape kwa msimamizi wa kikundi. Wewe mwenye karatasi yoyote ya shamba, ya zamani ama mpya, hata ile ya zawadi ya mbuzi iliyoandikwa na katibu wa mwami, ifunge ndani ya plastiki isilowe, uje nayo. Usimwachie mtu alale nayo.